Barua ya wazi kwa TCU na Makamu Wakuu wa Vyuo: Mwambieni kijana yuko wa ngapi

Kwa Katibu Mtendaji wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania,
Kwa Waheshimiwa Makamu Wakuu wa Vyuo Vikuu vyetu,
Nakala: Wizara ya Elimu, Sayansi na Teknolojia.

Ndugu Viongozi,

Nawasalimu kwa heshima. Mimi ni mwalimu wa Baiolojia wa kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya serikali, Nyanda za Juu Kusini. Wanafunzi wangu ni wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) na CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia). Nawaandikia kuhusu vijana ambao hawakufeli na hawakuchaguliwa. Wana sifa zote zilizoandikwa kwenye mwongozo wa udahili, wameomba kwa wakati, wamelipa ada ya maombi, na majina ya awamu ya kwanza yalipotoka wakakuta hawamo kwenye kozi waliyoitaka. Hao ndio wanaonipigia simu mwezi wa tisa.

Ombi langu ni moja, na nalisema mapema ili mengine myasome mkijua naelekea wapi. Kijana aliyekosa nafasi kwa sababu ya ushindani, wala si kwa kukosa sifa, aambiwe yuko wa ngapi kwenye foleni ya kozi ile. Nafasi ikifunguka, aitwe yeye kwanza kabla haijatangazwa upya kwa kila mtu.

Niruhusuni nieleze jinsi mambo yanavyokwenda huku chini, kwa kuwa barua hii itasomwa pia na wazazi, na wengi wao hawajawahi kuketi na mtu akawafafanulia. Baraza la Mitihani (NECTA) hutoa matokeo ya kidato cha sita mwezi Julai. Kipindi hicho vijana wengi wako kwenye kambi za Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa mujibu wa sheria: Mafinga, Mlale, Makutupora, Bulombora, Ruvu. Kuruta hana simu mkononi. Matokeo yake anayasikia kwa mwenzake au kwa afande. Dirisha la udahili nalo hufunguliwa siku hizohizo, kwa hiyo anayemwombea chuo mara nyingi ni kaka yake, mjomba wake, au kijana wa steshenari pale mjini, ambaye kompyuta anaijua vizuri lakini hajui Famasia inatofautianaje na Sayansi ya Maabara.

Kisha kuna hesabu ya pointi. Kwenye matokeo ya NECTA pointi chache ndiyo fahari: mwenye B tatu ana Daraja la Kwanza la pointi 6. Kwenye udahili hesabu inageuka: A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1, na B zile tatu zinakuwa pointi 12. Nimeketi na baba mmoja mtu mzima, mkulima, anayeweza kukupigia hesabu ya mbolea ya shamba zima bila kalamu, akaniambia, "Mwalimu, hapa mnanichanganya makusudi." Nilimwelewa kabisa. Mzazi akishachanganyikiwa mapema namna hiyo, baadaye hawezi kumsaidia mwanawe kuamua lolote.

Mwongozo unasema anayetaka Udaktari wa Binadamu awe amefaulu Fizikia, Kemia na Baiolojia, kwa jumla isiyopungua pointi 6. Mwongozo huohuo unaonyesha kila programu ina nafasi ngapi. Ninawashukuru kwa hilo, maana ni taarifa muhimu na mimi huitumia darasani. Jambo ambalo halimo ni lile ambalo kila mwombaji analitaka kuliko yote: mwaka jana, aliyeingia mwisho kwenye kozi hii, chuo hiki, aliingia na pointi ngapi? Kijana akisoma "6" anaamini kwamba mwenye 12 yuko salama. Hajui kwamba kwenye vyuo vinavyogombaniwa, 12 inaweza kumwacha mlangoni.

Mwaka mmoja nilikuwa na binti wa namna hiyo. B tatu. Tangu yuko kidato cha kwanza alikuwa anasema atakuwa daktari, na alikuwa na chuo kimoja cha umma alichokitamani. Alikuwa amekiandika kwa wino nyuma ya kila daftari lake. Sitakitaja, kwa sababu barua hii haikishitaki chuo hicho. Aliomba hapo, akaomba na vyuo vingine viwili. Majina yalipotoka, alikuwa amechaguliwa Udaktari kwenye chuo binafsi, ambako ada ni mamilioni ya shilingi kwa mwaka na baba yake anaishi kwa viazi. Alichaguliwa pia shahada ya sayansi kwenye chuo kingine cha umma. Kwenye chuo alichokitamani, akaunti yake ilisema hakuchaguliwa, ushindani ulikuwa mkubwa. Maelezo yote yaliishia hapo.

Akanipigia simu. Aliniuliza, "Mwalimu, nithibitishe ile ya sayansi, au nisubiri awamu ya pili?"

Viongozi wangu, hilo ndilo swali ninaloulizwa kila mwaka, na mimi sina pa kulipatia jibu. Akithibitisha anajifunga kwenye kozi asiyoitaka. Akisubiri anaweza kukosa vyote viwili, na mkopo pia, kwa sababu Bodi ya Mikopo humpangia mkopo mtu ambaye tayari ana chuo. Kumshauri vizuri nilihitaji kujua kitu kimoja tu: mbele yake walikuwa wangapi. Kama walikuwa kumi, ningemwambia mwanangu vumilia. Kama walikuwa mia tano, ningemwambia thibitisha leo, futa machozi, tuanze kupanga safari.

Alithibitisha ile ya sayansi, siku ya mwisho, usiku. Muda si mrefu yakatangazwa maombi ya awamu ya pili, na ile kozi aliyoikosa ilikuwamo kwenye orodha ya kozi zenye nafasi. Akanitumia picha ya tangazo hilo na maneno machache: "Kwa hiyo nafasi zilikuwepo?"

Nafasi zile hazikuwa zimefichwa na mtu. Naelewa zilikotoka, na ningependa wazazi nao waelewe, kwa sababu wengi wakiona hivyo husema moja kwa moja kuna rushwa. Kuanzia mwaka 2010 tulikuwa na mfumo wa pamoja wa udahili, mwombaji anaomba TCU na anapangiwa sehemu moja. Tangu mwaka wa masomo 2017/2018 mwombaji anaomba moja kwa moja kwenye kila chuo anachokitaka. Ni uhuru mzuri na siombi uondolewe. Lakini matokeo yake ni kwamba kijana mwenye A tatu anachaguliwa vyuo vitatu au vinne kwa mpigo, na mpaka atakapoingiza ile namba ya siri kuthibitisha chuo kimoja, ameshikilia viti vinne. Akithibitisha kimoja, vitatu vinabaki wazi. Viti hivyo vitatu, kwa haki ya kawaida, ni vya watatu waliokuwa wakimfuata kwenye orodha za vyuo vile. Sasa hivi vinarudishwa sokoni. Waliokosa wanatakiwa kuanza upya: kuingia tena kwenye mfumo, kuchagua tena, kushindana tena na watu wapya. Hata wasiojua kwamba awamu ya pili imefunguliwa nao wanahesabiwa kuwa wamekosa, na hao kwa kawaida ndio wale wanaoishi mbali na mtandao.

Mama mjamzito akienda kliniki asubuhi anapewa namba. Anaweza kukaa pale saa nne, akachoka, lakini anajua yuko wa ishirini na tatu na sasa ameitwa wa kumi na tisa. Vijana wetu wanasubiri jambo litakaloamua maisha yao yote na hawana namba.

Najua mtasema nini, maana baadhi ya maofisa udahili ni marafiki zangu na tumeshalizungumza. Wa kwanza aliniambia kazi hiyo ni kubwa kwa mifumo. Sikubaliani naye. Chuo kinapochagua watu 200 kati ya maelfu, lazima kimewapanga wote kwa pointi kwanza. Bila hivyo kingejuaje wa 200 ni nani? Kwa hiyo wa 201 yupo, na wa 202 yupo. Orodha ipo ndani ya kompyuta za chuo siku ileile majina yanapopelekwa TCU kuhakikiwa. Kinachoombwa ni kumwonyesha kila mwombaji mstari wake mmoja, kwenye akaunti yake mwenyewe, bila majina ya wenzake. Wanaolingana pointi, na watakuwa wengi, waambiwe wako kwenye kundi gani na kundi hilo lina watu wangapi.

Mwingine aliniambia namba itawapa vijana matumaini ya uongo. Huyu nilimheshimu zaidi kwa sababu alikuwa anawafikiria vijana. Hata hivyo, miaka yangu ya kukaa nao inaniambia kinyume. Matumaini ya uongo yapo sasa hivi, wakati hakuna namba. Mwenye nafasi ndogo kabisa anakaa nyumbani mpaka Oktoba akisema Mungu atafanya, na mwenye nafasi nzuri anakata tamaa Agosti. Mkimwambia kijana kwamba yuko wa mia tisa, atalia siku moja, kisha ataomba kozi nyingine akiwa na akili timamu. Vijana hawa wamepasua chura maabara, wamechora figo na moyo, wanajua takwimu. Msiwaogopee namba.

Hoja ya tatu ndiyo ninayoiona nzito. Vipi kuhusu wanaoomba kwa mara ya kwanza katika awamu ya pili, wakiwa na pointi za juu kuliko waliomo kwenye foleni? Wapo waliochelewa kwa sababu ambazo si zao: aliyekuwa anauguliwa, aliyekuwa kambini na nyumbani hakuna wa kumwombea, aliyeandikiwa vibaya namba ya mtihani. Hao kwa maoni yangu waingizwe kwenye foleni kwa pointi zao, kwa kueleza sababu. Aliyeamua tu kutoomba mapema aje nyuma ya waliopo. Inawezekana nyinyi mna utaratibu bora kuliko huu, na nitaupokea. Ninachokataa ni utaratibu wa sasa, ambamo kuwa wa kwanza nje ya mlango hakuna thamani yoyote kuliko kutokuja kabisa.

Huko kwingine wanafanyaje? Jirani zetu Kenya, mwombaji akiingia kwenye tovuti ya KUCCPS, taasisi inayowapangia wanafunzi vyuo, anaona kwa kila kozi kiwango alichoingia nacho wa mwisho katika udahili uliopita. Hilo pekee lingenipunguzia nusu ya simu za mwezi wa tisa. Marekani vyuo vingi vina orodha rasmi ya kusubiri. Tarehe ya kawaida ya kuthibitisha ni 1 Mei, na baada ya hapo orodha huanza kusogea kadiri viti vinavyobaki. Vyuo vingi vya huko huchapisha kila mwaka, katika takwimu zinazoitwa Common Data Set, ni waombaji wangapi waliwekwa kwenye orodha hiyo, wangapi walikubali kubaki, na wangapi hatimaye walichukuliwa. Kijana akiona kwamba mwaka jana hawakuchukua hata mmoja, anajipanga. Huko nako wanalalamika kwamba vyuo vingi haviwaambii wao binafsi ni wa ngapi. Sisi, ambao udahili wetu unategemea pointi zinazohesabika na si insha na mahojiano, tuna uwezo wa kufanya vizuri zaidi yao katika hili.

Naomba pia mtazame suala la namba za simu. Namba ya siri ya kuthibitisha hutumwa kwenye simu au barua pepe iliyoandikwa wakati wa kuomba. Nimeshaeleza nani huwa anaomba. Kijana wa steshenari anaweka namba yake kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na nywila anaijua yeye. Kijana anatoka kambini, anarudi mjini kumtafuta, duka limehama. Kuna siku nimezunguka stendi nzima na mwanafunzi wangu tukimtafuta mtu ambaye jina lake tulilijua la utani tu. Kama foleni ninayoiomba itaanzishwa na mwito ukatumwa kwenye simu ya mtu huyo, tutakuwa hatujafanya kitu. Mfumo umtake mwombaji aweke namba mbili, moja iwe ya mzazi au mlezi, na akifika dawati la chuo au ofisi ya TCU na kitambulisho na vyeti vyake, aweze kubadilishiwa siku hiyohiyo.

Ningependa mjue pia kusubiri kunamfanya nini mtoto, kwa sababu ofisini kwenu anafika kama namba ya mtihani ya kidato cha nne na cha sita. Huku mtaani kila anayekutana naye anamwuliza, "Umepangiwa wapi?" Anaacha kwenda kanisani au msikitini. Anajitoa kwenye kundi la WhatsApp la darasa, maana wenzake wanaulizana vyumba vya hosteli na bei ya godoro. Anashika simu kutwa, anafungua akaunti ileile mara nyingi zisizo na idadi. Mama yake anadhani ni mvivu. Na hapo katikati anatokea mtu, na hutokea kila mwaka, anayesema ana koneksheni chuoni, atume hela kidogo ya kufungulia faili. Familia inayojua mtoto wake ni wa 31 kwenye foleni, na kwamba foleni inaonekana, haiwezi kumpa hela mtu huyo. Familia iliyo gizani inauza mbuzi.

Sisi walimu tunafanya tunaloweza. Tunawaambia wathibitishe kilichopo kabla ya siku ya mwisho, ikiwa ni kozi ambayo wanaweza kuishi nayo, kwa sababu kiti mkononi kinaweza kuachwa baadaye kwa utaratibu, na kuna dirisha la uhamisho, lakini muda wa kuthibitisha ukipita haurudi. Tunawaambia wakamilishe mambo ya mkopo, cheti cha kuzaliwa kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, wasingoje chuo ndipo waanze kuhangaikia karatasi. Tunawaambia wazazi waache kumwambia mtoto mwenye Daraja la Kwanza kwamba hakusoma. Hilo la mwisho nalisema kwa ukali, mbele ya mzazi, na sioni aibu. Mtoto aliyetoka shule ya kata, akapasi, akaja kwetu, akasoma Kemia kwenye maabara yenye upungufu wa kila kitu na akapata B, mtoto huyo amefanya kazi kubwa. Akikosa kiti, aliyepungukiwa ni nchi yenye viti vichache. Aruhusiwe kuumia bila kuaibishwa.

Lakini ushauri wetu unafika mahali unakwama, na ni pale penye swali la yule binti. Nithibitishe au nisubiri? Jibu analo afisa udahili, liko kwenye kompyuta yake, na kulitoa hakugharimu bajeti ya maendeleo.

Ndugu Viongozi, najua mambo haya hayabadiliki kwa usiku mmoja. Basi anzeni na kozi za afya, ambako msongamano ni mkubwa kuliko kwingine: Udaktari wa Binadamu, Udaktari wa Meno, Famasia, Uuguzi, Sayansi ya Maabara. Kabla mwongozo wa mwaka ujao haujatoka, chapisheni kwa kila moja ya kozi hizo, chuo kwa chuo, pointi za aliyeingia mwisho mwaka huu. Majina ya awamu ya kwanza yatakapotoka, kila asiyechaguliwa kwa sababu ya ushindani akute kwenye akaunti yake namba yake ya foleni. Muda wa kuthibitisha ukifungwa, namba hiyo isogezwe, na awamu ya pili itangaze viti vile tu ambavyo foleni imeshindwa kuvijaza. Maombi yake yahesabike yanaendelea, asilipe ada mara ya pili kwa chuo kilekile na kozi ileile.

Mkitaka walimu wa sekondari wa kuwasaidia kuujaribu utaratibu huo na wanafunzi halisi kabla haujaanza kutumika, shule yetu ina darasa zima la PCB litakalohitimu Mei, na wazazi wao nimeshazungumza nao.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mwalimu wa Baiolojia,
Nyanda za Juu Kusini